Madiwani Watatu, Meza Moja

Katika mji wetu wa Loma Baja madiwani ni watano, na sheria ya California inasema watatu wakikaa wakazungumza mambo ya mji bila kuutangazia umma, huo ni mkutano haramu. Wawili ruksa, watatu haramu. Sheria hii watu wa hapa wanaijua kuliko Amri Kumi, na wanaiheshimu zaidi. Nimemwona kwa macho yangu Meya Rigoberto Zendejas, muuza matairi, akiondoka na njaa yake kwenye foleni ya taco, chapati za Kimeksiko, kwa sababu wenzake wawili walishatangulia kusimama hapo. Kwenye mazishi ya mkuu wa zimamoto, diwani wa tatu alikaa nje ndani ya gari mpaka mmoja wa wale wa ndani alipomaliza kulia na kutoka.

Mimi naitwa Chelo Olague, mgawaji karata katika Klabu ya Trebol, mwaka wa ishirini na mbili huu. Klabu si kasino, na ukisema kasino mbele ya bosi wangu, Bwana Struthers, atakukatiza. Kasino inacheza na wewe ili ikule. Klabu inakukodisha kiti tu, inakupa mgawaji na bakuli la supu, halafu nyinyi wateja mnakulana wenyewe kwa wenyewe. Mji unaturuhusu meza kumi na mbili, hata nusu haiongezeki. Kila baada ya miezi mitatu anakuja mtu wa baraza kuzihesabu kwa kidole, na mwaka juzi alipata kumi na moja.

Ushuru wetu ndio unaolipa maktaba, bwawa la kuogelea na nusu ya polisi. Kwa hiyo mji unatutazama kama mjomba mlevi ambaye ndiye anayelipa pango la nyumba. Padri wetu alihubiri Jumapili nzima dhidi ya kamari, akamaliza kwa kutangaza bingo ya pesa ya Ijumaa. Sikucheka kanisani. Nilicheka kwenye gari.

Mwaka huu Struthers akaomba meza ziwe ishirini na nne. Meza zikiongezeka magari yanaongezeka, na magari yanataka pa kusimama, na nyuma ya klabu hakuna nafasi ila pale Las Palomas. Hizo ni nyumba ishirini na mbili za magurudumu, ingawa magurudumu yenyewe yalishaoza na hakuna hata moja iliyotembea tangu nivunje ungo. Mwenye ardhi alikuwa tayari kumuuzia Struthers siku baraza litakaposema ndiyo. Na nyumba namba kumi na nne anakaa mama yangu, Doña Amparo, miaka themanini na mmoja, na mndimu alioupanda mwenyewe, na mbwa wawili waliozikwa chini ya huo mndimu.

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu. Struthers aliniahidi kwamba meza zikiongezwa, mimi nitakuwa msimamizi wa ukumbi, zamu ya mchana. Baada ya miaka ishirini na mbili ya kuinama na kuvuta moshi wa nguo za wengine, zamu ya mchana ni kama peponi. Nikakaa kimya. Nikamwambia mama aje akae kwangu, nina chumba.

“Chumba kipi?” akauliza. “Kile chenye mashine ya kufulia?”

“Mashine nitaihamisha, mama.”

“Wewe ihamishe mashine, mimi niache.”

Kuna desturi yetu wagawaji. Ukiondoka mezani unapiga kofi moja, unageuza viganja juu na chini, ili kamera ya darini ione hujaficha kitu. Mimi imeshanikaa mwilini, nafanya hata nikitoka jikoni kwangu. Siku ile nilipoaga pale Las Palomas nikapiga kofi na kugeuza viganja bila kufikiri. Mama akanitazama vile anavyotazama ndizi zilizoiva kupita kiasi.

“Kamera unaionyesha viganja,” akasema. “Mama yako je?”

Nilidhani ni maneno ya kizee tu. Nikaenda zangu.

Kura za baraza zilikuwa wazi kabla hazijapigwa. Meya Zendejas, ndiyo. Diwani Vartan, mwenye maduka matatu ya dobi, ndiyo. Diwani Twyla Hodge, mwenye saluni na kiongozi wa kwaya, ndiyo. Wale wawili waliobaki hupinga kila kitu, hata taa za Krismasi. Tatu kwa mbili, mchezo umekwisha, kikao Jumanne.

Jumamosi kabla ya kikao tukawa na mashindano ya poka ya hisani, kuchangia sare za bendi ya shule ya sekondari. Zawadi ya mshindi ilikuwa friza kubwa, imefungwa utepe, imewekwa katikati ya ukumbi kama bwana harusi. Mama aliitaka hiyo friza kwa ajili ya tamale zake za unga wa mahindi, akaizunguka mara mbili akifungua na kufunga mlango. Mama yangu, nisiwafiche, anacheza poka kila Alhamisi baada ya misa, na mchezo wake ni hatari kwa afya za wenzake.

Madiwani watatu wakaja pia, maana nani atakubali aonekane hapendi bendi ya watoto. Karani wa baraza, Bi Phan, mwanamke anayelala na kitabu cha sheria, akasimamia mwenyewe upangaji wa viti. Zendejas meza ya kwanza, Hodge meza ya nne, Vartan meza ya saba. Akaridhika, akaenda kunywa chai.

Kosa likawa hapo. Bi Phan anajua sheria lakini hajui poka. Kwenye mashindano mtu akiishiwa anaondoka, watu wakipungua meza zinavunjwa, na waliobaki wanasogezwa pamoja, mpaka mwisho inabaki meza moja ya watu tisa. Na bahati mbaya ya mji huu ni kwamba tunachagua madiwani wanaojua kucheza. Saa kumi jioni wote watatu walikuwa meza ya mwisho, bega kwa bega, na mgawaji nilikuwa mimi. Kiti cha tisa, na pochi yake mapajani, alikaa mama yangu. Kwa kawaida sigawi karata kwenye meza ya ndugu, lakini wagawaji walikuwa wachache na Struthers akasema endelea tu, ni hisani.

Bi Phan alipoona akakaribia kumwaga chai. “Waheshimiwa, mmoja wenu lazima aondoke.”

“Aondoke nani?” akauliza Vartan. “Mimi naongoza.”

“Mimi nimekalia karata nzuri,” akasema Zendejas.

Hodge alikuwa amebakiwa na sarafu chache za plastiki, lakini akasema yeye hawezi kuondoshwa na wanaume wawili. Bi Phan akawatazama mmoja mmoja. “Basi chezeni. Karata mzungumze, bendi mzungumze, hali ya hewa mzungumze. Neno moja la mji, nitaliandika.” Akavuta kiti, lakini watoto wa bendi wakaja kumwita akatafute ufunguo wa ukumbi wao, na kazi yake ikamwondoa.

Watoto wa shule walikuwa wanarekodi ile meza ya mwisho kwa ajili ya chaneli ya mji, ile inayoonyesha vikao vya baraza na mbwa waliopotea. Hakuna anayeiangalia. Walitundika maikrofoni juu yetu, na mbele ya kila kiti wakabandika kakamera kadogo kwenye ukingo wa meza, kama wanavyofanya kwenye mashindano makubwa, ili mchezaji akiinua pembe ya karata zake mtazamaji azione. Wachezaji wote waliambiwa. Wote walitikisa kichwa na kusahau.

Kwa karibu saa nzima wale watatu walikaa kama mabubu. Wanasema “naongeza,” wanasema “natupa,” basi. Zendejas alitaka chumvi akaonyesha kwa kidole.

Halafu Hodge, aliyekuwa anakata roho, akasukuma sarafu zake zote katikati. Kila mtu akatupa, ikabaki zamu ya mama. Mama alikuwa na rundo la kutosha kumlipia mara tano. Kama angemfuata na kumshinda, Hodge angeinuka, na madiwani mezani wangebaki wawili. Mimi wakati ule sikulifikiria hilo hata kidogo. Nilikuwa nafikiria friza.

Mama akainua pembe ya karata zake. Akazitazama. Akaziinua tena, juu zaidi, akazishikilia hapo muda mrefu kuliko anavyosali. Akashusha pumzi. Akazisukuma kwangu kifudifudi.

“Natupa,” akasema.

Hodge akafunua zake: saba ya uru na tatu ya pau. Takataka. Alikuwa anatisha tu. Ukumbi ukaangua kicheko, na Zendejas akampigia mama makofi ya kejeli. Struthers akaniinamia sikioni. “Mama yako kazeeka, Chelo. Zamani asingekubali kutishwa na saluni.”

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimwonea mama aibu, na ndiyo hivyo nasema, nilimwonea aibu mama yangu mbele za watu. Nilifikiri: basi, ameshakwisha, ndiyo maana anang'ang'ania kile kibanda, akili imeshaanza kutoka. Nikachanganya karata bila kumtazama.

Na hapo ndipo akaanza kuongea.

“Bwana Meya,” akasema, akipanga sarafu zake, “hilo jengo la maegesho la ghorofa nne litaniziba jua la mndimu wangu.”

Zendejas akatafuna mdomo. Lakini kuna kitu kimoja mwanasiasa wa mji mdogo hawezi: kusikia jambo lake linasemwa kwa makosa na akaliacha lipite.

“Hakuna ghorofa, Doña Amparo,” akasema. “Ni chini tu. Lami.”

“Mimi nimesikia nne.”

“Ghorofa tulizikataa,” akasema Vartan, macho kwenye karata. “Gharama.”

“Mlizikataa nyinyi?” akauliza mama, mpole kama mtawa. “Basi Diwani Hodge hajaambiwa, maana mimi nimesikia kwake kwamba lango litakuwa upande wa kanisa.”

“Sijasema kitu kama hicho,” Hodge akaruka. “Sharti langu lilikuwa moja tangu mwanzo, na Rigo analijua: lango likae Palomas. Si upande wa kanisa.”

“Na tukakubaliana,” akasema Zendejas, sasa amechangamka, mkono mmoja hewani kama yuko kwenye kampeni. “Ndiyo maana tunaanza na Palomas. Nyumba ishirini na mbili, wapiga kura sita. Hata wakinuna wote hawajazi gari moja.”

Hodge akacheka. Vartan akacheka. Mimi mgawaji siruhusiwi hata kukohoa.

“Saba,” akasema mama. “Mimi nilihamishia kule jina langu la kura mwezi wa tatu.” Akaniangalia. “Gawa karata, mwanangu. Tunasubiri.”

Mama alitolewa wa tano. Friza akaichukua Vartan, ambaye tayari anazo mbili.

Jumanne mama akanitaka nimpeleke barazani. Sikushangaa. Kila kikao yuko safu ya mbele, miaka na miaka, nami siku zote nilidhani ni kwa sababu ya kiyoyozi na kahawa ya bure. Mimi nilikuwa nimeshatafuta katoni za kuhamishia vyombo vyake, ziko nyuma ya gari, na aliziona.

Ukumbi ulijaa. Nusu klabu, nusu kanisa, na watu wa Palomas wamekaa kwenye ngazi. Kwa mujibu wa taratibu kila mwananchi anapewa dakika tatu, saa nyekundu ikikuhesabia mbele ya pua yako. Mama akaenda kwenye kipaza sauti na pochi yake.

“Jina langu Amparo Olague, Las Palomas namba kumi na nne,” akasema. “Sina maneno. Naomba dakika zangu zitumike kuangalia chaneli ya mji. Jumamosi, saa kumi na dakika hamsini.”

Zendejas akamtazama Bi Phan. Bi Phan akafungua kitabu chake, akakifunga. “Dakika ni zake, Mheshimiwa,” akasema. “Na chaneli ni yetu.”

Picha ikaja ukutani. Kwanza ikaja ile ya Hodge akisukuma zake zote. Kisha karata za mama, zimeinuliwa juu ya kale kakamera, wazi kabisa, zimeshikwa zisitikisike ili hata kipofu azione. Ree ya kopa. Ree ya shupaza. Hakuna jozi inayozidi hiyo.

Niwaambie ukweli kuhusu mji wangu. Yale maneno ya maegesho yalipokuja baadaye, watu walikunja uso, wengine wakazomea kidogo. Lakini pale mama alipozisukuma ree mbili kifudifudi, mbele ya mwanamke mwenye saba na tatu, ukumbi mzima ulitoa sauti ambayo sijaisikia hata kwenye ajali. Katika Loma Baja mtu anaweza kusamehewa kuiba, kuzini na kugombea udiwani, lakini hakuna anayetupa ree mbili. Padri alijishika kifua. Hata wale wasiojua kusoma walielewa mara moja kwamba hajatishwa mtu pale. Alikuwa ananunua kiti cha Hodge ili Hodge asiinuke na madiwani mezani wabaki watatu.

Nami nikaelewa wa mwisho, mimi ninayekula kwa karata.

Video ikaendelea. Ghorofa, lango, tukakubaliana, wapiga kura sita, kicheko. “Saba,” ikasema sauti ya mama. Saa nyekundu ikalia. Mama akasema asante, akarudi kukaa.

Wakili wa mji, kijana aliyevaa tai ya kuazima, akasimama na kusema anashauri kwa nguvu zote jambo hili liahirishwe. Zendejas akaona mlango wa kutokea. “Tuahirishe,” akasema, “mpaka hali itulie.”

“Hapana,” akasema Hodge.

Alikuwa anautazama ukuta ingawa picha ilishazimwa. Shingo yake ilikuwa nyekundu. “Wakili, nikisema hadharani nilichosema mezani, naruhusiwa kupiga kura?”

“Ukikiri yote, na hawa pia, ndiyo.”

“Mmesikia nilichosema. Mmenisikia na nikicheka.” Akamgeukia mama. “Doña Amparo, ulikuwa umenishika. Ungenitoa pale pale.”

“Ningekutoa,” mama akasema kutoka kitini, bila kipaza sauti. “Na ningekuwa na friza.”

Watu wakacheka, na Hodge akacheka pia, ila macho yake yalikuwa na maji. Zendejas na Vartan wakakiri kwa midomo ya kubana. Bi Phan akaita majina. Zendejas, ndiyo. Vartan, ndiyo. Wapinga Krismasi wawili, hapana, kama kawaida yao. Hodge akasema hapana kwa sauti ya kwaya, ikafika mpaka nje kwenye ngazi.

Ombi likikataliwa haliruhusiwi kurudi mpaka mwaka upite. Mwaka tu. Struthers aliposikia akajikuna kidevu, akasema mwaka si kitu, atasubiri. Kwake kweli si kitu. Kwa mtu wa miaka themanini na mmoja, mwaka ni ndimu zote za mwaka huo, mkononi mwake.

Nikamrudisha mama nyumbani. Akabandika kahawa. Katoni zilikuwa bado nyuma ya gari langu, na nilikuwa nazisikia kama vile zinaongea. Nikashindwa kuvumilia.

“Mama, Struthers aliniahidi usimamizi. Zamu ya mchana. Kama kura ingepita.”

“Najua. Aliniambia mwenyewe tangu Pasaka, alidhani nitafurahi.”

“Tangu Pasaka? Mbona hukuniuliza?”

“Nilikuwa nangoja uniambie.” Akapunguza moto. “Ningejua kama niko peke yangu mezani au tuko wawili.”

Nililia, sina haja ya kuficha. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, na beji ya kazi kifuani, nalia jikoni kwa mama. Alikuwa peke yake. Tangu Pasaka alicheza peke yake, mimi nikiwa nimekaa upande wa pili na katoni. Nikafanya lile moja ninalolijua. Nikapiga kofi moja, nikamgeuzia viganja, juu na chini, mbele yake, vitupu.

Mama akavishika. Akavitazama pande zote mbili, bila haraka, kwa muda mrefu kuliko alivyozitazama ree zake. Kisha akaniwekea kikombe cha kahawa kwenye kimoja.

“Kunywa,” akasema. “Halafu zile katoni ziteremshe, nataka kuwekea ndimu.”